Komba Nyuma ya Waya

Picha iliyosimamishwa mbele ya jeneza la Mzee Fabiani haikuwa yangu. Niliitambua kabla sijafika kwenye turubai, kwa jinsi upande mmoja wa uso ulivyoachwa gizani na ule mwingine ukapata mwanga wa dirishani tu, mwanga mwembamba, kiasi kwamba uliona kila mkunjo pembeni mwa jicho lake lakini usingeweza kusema shati lake lilikuwa la rangi gani. Nimepiga picha katika mji huu wa Songea karibu maisha yangu yote ya utu uzima. Nimempiga Mzee Fabiani kwenye ubatizo wa wajukuu zake, kwenye jubilei ya ndoa yake, mbele ya kanisa na mbele ya keki. Familia ina picha zangu kabati zima. Siku ya kumzika wakachagua ya Zuhura.

Naye alikuwapo. Alikuja kwa basi la kutoka Tunduru, akakaa mkekani pamoja na akina mama kana kwamba hakuwahi kuondoka. Tulipopata nafasi ya kuzungumza, karibu na majiko ya wapishi, alinitazama toka juu hadi chini akacheka kicheko cha msibani, kile cha kuziba mdomo kwa mtandio. "Kaka Deo," akasema, "hujazeeka. Umefifia tu." Nilicheka na mimi. Kisha nikarudi kwenye kiti changu cha plastiki, na muda wote padri akihubiri nilikuwa naitazama ile picha, nikijiuliza alisimama wapi alipoipiga, dirisha lilikuwa upande gani, na ilikuwaje mimi niliyeingia katika nyumba ile kila siku nisilione dirisha hilo.

Wivu wangu kwa Zuhura una umri mkubwa kuliko watoto wangu. Najua ulizaliwa mwaka gani na najua ulizaliwa wapi: kwenye bustani ndogo ya wanyama iliyokuwa pembeni ya mji, mbele ya banda la matofali lenye waya, ambamo alikaa mnyama asiyezidi ukubwa wa ngumi mbili.

Ilikuwa miaka ya ruksa, pale maduka ya Songea yalipoanza kujaa tena. Katika mtaa wetu, nyuma ya soko, rafu zilizokuwa na makopo ya dawa ya viatu peke yake zikapata redio kaseti, vitenge vya kutoka nje na biskuti za bati. Studio ya Mzee Fabiani ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya dawa za kusafishia picha. Ukutani palikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na juu ya maporomoko ndege ya abiria ambayo mchoraji, kwa kuwa hakuwahi kuiona kwa karibu, aliiwekea madirisha makubwa kama ya basi. Kando yake lilining'inia koti moja na tai moja, mali ya wateja wote. Palikuwa na kioo, kitana, na kopo la mafuta ya kujipaka. Nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba ndiko kilikokuwa chumba cha giza, chenye balbu nyekundu, na nyuma yake kibaraza ambako Mama Oliva, mke wa Mzee, alitupakulia chakula cha mchana.

Sheria ya studio ile ilikuwa moja, na mlinzi wake nilikuwa mimi: kivuli ni adui. Mteja akiona nusu ya uso wake imeingia giza, anasema umemkata uso, na harudi tena. Kwa hiyo tulimpaka mafuta ang'ae, tukamkalisha wima, tukawasha taa kulia na kushoto, na picha ikatoka safi, bapa kama sahani. Watu waliipenda. Waliipeleka kwa wachumba na kwa waajiri. Mimi niliipenda kuliko wote, kwa sababu ilikuwa kazi yenye mpangilio. Ukifuata hatua zake, hukosei.

Zuhura aliletwa na shangazi yake baada ya msimu wa tumbaku. Kwao Namtumbo walilima tumbaku na mahindi, na alikuwa ametumia utoto wake kuingia na kutoka katika mabani ya kukaushia majani, akichungulia kama yameiva rangi. Mzee alimchukua ajifunze kukata na kubandika picha za pasipoti. Kabla ya mvua za kwanza alikuwa ameshashika kamera. Hakufuata hatua. Aliacha kifuniko cha lenzi juu ya kiti, akasahau kuzima taa, akachanganya bahasha. Na alikuwa na tabia moja iliyoniudhi kuliko zote: kabla ya kumpiga mtu picha, alikaa kimya akimtazama, mpaka mtu mwenyewe anaanza kucheka au kuudhika, na hapo ndipo aliposikika mlio wa kamera. Siku moja nilikuwa nimeshamkalisha askari mstaafu, nimemfunga tai, nimewasha taa zote, akageuza shingo akaniuliza, "Yule binti yuko wapi?" Nilimwambia ametoka. "Basi nitamsubiri," akasema, akafungua tai mwenyewe.

Jambo lenyewe lilianza kwa Bwana Hemedi, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, aliyekuwa anapanuka kila mwezi. Alikuja studio mchana mmoja tukiwa tunakula ugali na dagaa wa Nyasa, akavuta kigoda, akanawa mikono bila kusubiri kukaribishwa mara ya pili. Alitaka kalenda ya kuwapa wateja wake mwaka mpya.

"Usiniwekee viongozi," alimwambia Mzee Fabiani. "Wanakaa ofisini, wanatosha. Na usiniwekee simba. Simba kila mtu anaye, hata kwenye kiberiti."

"Unataka nini sasa, mlongo wangu?"

"Nataka hawa wadogo. Wa hapa hapa kwetu. Kobe, pimbi, nungunungu, yule komba. Mtoto akitazama ukutani aseme, baba, huyu namjua. Lakini nataka rangi, Fabiani. Rangi!"

Kisha akasema lile lililonifanya niache kutafuna. Yeye na Mzee walikuwa wameshakubaliana kuleta mashine ya kusafisha na kuchapa picha za rangi, ya kwanza kwa Songea. Mpaka siku ile filamu zetu za rangi zilisafiri kwa basi hadi Dar, mkononi mwa kondakta, zikarudi siku alipokumbuka. Mashine ingekuja, na mtu mmoja wa studio angepelekwa Dar kujifunza kuiendesha. Mzee Fabiani alitutazama, mimi na Zuhura, akajifuta mdomo. "Kila mmoja nitampa filamu yake," alisema. "Atakayeleta picha ya kalenda, huyo ndiye atakayekwenda."

Sikuwahi kukitaka kitu maishani mwangu kama nilivyoitaka mashine ile ambayo sikuwa nimeiona. Niliiwaza nikiwa nalala. Niliwaza mji mzima ukileta harusi zake na misiba yake mikononi mwangu ili mimi niipe rangi. Zaidi ya hapo, nitasema kama ilivyokuwa, niliwaza Zuhura akinipa filamu zake na kusubiri nje ya mlango.

Bustani ya wanyama ilikuwa ndogo, na watu wa mjini walikwenda Jumapili baada ya misa, wakiwa na watoto na karanga. Wanyama wakubwa hawakuwa shida. Pundamilia alisimama juani mchana kutwa kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Shida ilikuwa hawa wadogo. Walikaa kwenye safu ya mabanda ya matofali yaliyoezekwa bati, mbele wazi kwa waya. Nje jua kali, ndani giza, na mnyama daima amechagua pembe ya mwisho kabisa. Ukipima mwanga wa nje, ndani panakuwa shimo jeusi. Ukipima wa ndani, waya na sakafu vinaungua vyeupe. Na waya wenyewe, ambao jicho la mtu halijisumbui kuuona, kwenye picha unajitokeza mbele kama ndio uliolipiwa.

Nilikwenda na vifaa vyangu vimepangwa kwenye begi: flashi, kitambaa cha kufutia, shuka jeupe la Mama Oliva la kuweka nyuma, na kopo la mafuta. Mlinzi wa wanyama, Bwana Kaspari, mtu mpole mwenye mabuti ya mpira, alinisaidia bila kuuliza. Tulimtoa kobe kwenye banda, nikamfuta vumbi gambani, nikampaka mafuta mpaka akang'aa kama kiatu cha mwalimu mkuu. Nikampiga kwa flashi. Nungunungu tulimwamsha kwa ufagio, akatoka usingizini amekasirika, miiba imesimama, na nilikuwa nimeshatandika shuka jeupe nyuma yake ili asipotelee ukutani. Pimbi alikataa kutoka. Nilimpiga kwa flashi kupitia kwenye waya, kutoka mbele, kama ninavyompiga mtu.

Zuhura, tuliyekuja naye, hakupiga hata moja. Alikaa kwenye debe lililopinduliwa, mikono magotini, akitazama.

"Kaka Deo," akaniita nilipokuwa nanyoosha shuka, "huyo nungunungu anaomba pasipoti?"

Bwana Kaspari alicheka mpaka akaegemea ufagio.

"Cheka tu," nikamwambia Zuhura. "Filamu yako itamalizika lini, wewe?"

"Itamalizika wakiamka."

"Wapo macho hao."

"Wapo macho kwa ajili yako, kwa kuwa umewapiga ufagio. Yule komba je?"

Komba alikuwa amejikunja ndani ya kisanduku chake cha mbao na hatukumwona hata mkia. Nilimwambia Zuhura kwamba mnyama anayelala mchana hafai kwa kalenda, nikafunga begi langu, nikarudi mjini. Nilimaliza filamu yangu siku ile ile, nikaiandika jina na kuiweka kwenye droo ya Mzee. Mzee akasema itasubiri ya Zuhura, zitumwe pamoja. Ikasubiri. Kila jioni Zuhura alikwenda bustanini, kila asubuhi nilimwuliza, na kila asubuhi alisema bado. Nilianza kuamini kwamba anafanya hivyo ili kuniumiza. Sasa najua hakuwa na habari na mimi, na hilo ndilo linalouma zaidi.

Siku moja katika kusubiri kule nilikuwa chumba cha giza, mikono kwenye beseni la dawa, na Mzee na mkewe walikuwa kibarazani wakichambua maharage. Mbao zile hazikuzuia neno.

"Huyo binti ana jicho," Mama Oliva alisema.

"Ana jicho," Mzee akakubali. "Ila anapoteza vitu."

"Na Deo je?"

Maharage yakalia kwenye ungo. "Deo ana adabu," Mzee akasema.

"Adabu ndiyo nini kwenye picha?"

"Ndiyo hiyo, mama. Sasa nimwambie nini kijana wa watu?"

Picha niliyokuwa nayo kwenye beseni ilikuwa ya mwalimu mmoja wa Madaba. Nilisahau kuitoa. Iliendelea kuingia weusi mbele ya macho yangu, macho kwanza, kisha mashavu, kisha mwalimu mzima akazama. Nimeambiwa maneno makali tangu wakati ule, na mengine nimeyastahili, lakini sijapata kusikia neno baya kuliko lile la wema.

Baada ya siku chache Mzee aliniita akaniambia nimsindikize Zuhura bustanini, kwa sababu alikuwa anarudi mjini giza likiwa limeingia na shangazi yake amelalamika. Sikuwa na namna ya kukataa. Tulikwenda. Yeye alibeba kamera na ndizi mbivu, na kwenye mfuko wa plastiki alikuwa na kitu ambacho sikukielewa: sufuria kuukuu, jeusi tititi kwa masizi.

Alipofika mbele ya banda la komba alikunja mikono ya gauni, akakwangua masizi kwa kiganja, akayachanganya na mafuta ya taa kidogo, akaanza kuupaka waya. Waya kwa waya, kwa kidole. Bwana Kaspari alikuwa ameshazoea. Aliniambia kwamba jioni zile nyingine binti alikuwa anakaa tu, anangoja mnyama amzoee, na kuangalia jua linaingilia wapi. Jana yake ndipo aliponunua lile sufuria kwa mama lishe.

"Wewe Zuhura, unachafua banda la watu," nilisema.

"Waya unang'aa," akanijibu bila kugeuka. "Flashi yako ilipiga waya kama huu ikarudi. Ukiwa mweusi haurudishi kitu. Kaka Deo, njoo huku ubavuni, nakuomba."

Ubavuni mwa banda, lililokuwa la mwisho kwenye safu, palikuwa na stoo ya pumba na nyasi, na kati ya stoo na banda mlango mdogo wa mbao wa kupitishia chakula. Mlango wa nje wa stoo ulielekea magharibi. Jua lilikuwa chini kabisa, la rangi ya chai, linaingia stoo yote na kugonga ule mlango mdogo. Alinitaka niushike. Alirudi mbele, akaweka kamera juu ya debe, akasogeza lenzi mpaka ikagusa waya, na kutoka huko akaanza kunipa amri, mimi niliyemtangulia kazini.

"Fungua kidogo. Umezidisha. Rudisha. Tena. Hapo!"

"Hapo mtu haoni kitu."

"Hapo hapo. Usipumue."

Mwanga ulioingia ulikuwa mstari tu, upana wa mkono. Nilikuwa natazama kupitia ufa wa mlango, kwa hiyo niliona alichokiona, ila kwa upande wa pili. Kisanduku kilitikisika. Ikatoka pua, halafu masikio yaliyojikunjua moja baada ya jingine kama majani, halafu mnyama mzima, mwepesi, akashuka kwenye tawi akaikamata ndizi kwa vidole vyake, vidole kabisa, kama vya mtoto. Alipogeuza uso nusu kuelekea mlango wangu, mstari wa mwanga ukamwingia machoni. Macho yalikuwa makubwa kuliko uso ulivyoweza kuyabeba. Kila kitu kingine kilikuwa giza: ukuta, sakafu, nusu ya mwili wake. Nilisikia mlio wa kamera, polepole, wazi kisha funga, maana mwanga ulikuwa kidogo na kamera ilihitaji muda wa kuunywa. Komba hakutikisika. Hata mimi sikutikisika, na mkono ulikuwa umeanza kufa ganzi.

Njiani kurudi nilimwuliza amejifunza wapi. Alinishangaa. "Kwenye bani," akasema. "Ukiingia na taa mbele, majani yote yana rangi moja. Unaacha mlango kidogo, unayatazama kwa ubavu, ndipo unaona lipi limeiva." Alisema kama mtu anayekuelekeza njia ya sokoni. Nilitamani iwe siri, iwe uchawi, iwe amefundishwa na mtu. Kingekuwa kitu cha mtu mwingine ningeweza kukichukua na mimi.

Filamu zilitumwa, na zilirudi kondakta alipokumbuka, kwenye bahasha iliyokuwa inanukia ndizi na dizeli. Mzee aliifungua kibarazani, baada ya kula, meza ikiwa imefutwa. Bwana Hemedi alikuwapo, na Mama Oliva alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Za kwangu ndizo zilizotoka kwanza. Kobe alikuwa na duara jeupe mgongoni, mafuta yameirudisha flashi yote, huoni gamba wala mstari. Pimbi hakuwapo, palikuwa na waya mweupe kama radi iliyonyooka, na nyuma yake vitone viwili vyekundu. Nungunungu ndiye aliyenimaliza. Lile shuka jeupe lilikuwa limeidanganya kamera. Iliona weupe mwingi, ikajifunga, na mnyama akatoka dude jeusi lisilo na macho, kwenye shuka zuri sana la Mama Oliva.

"Shuka langu limetoka vizuri," Mama Oliva akasema.

Bwana Hemedi aligeuza picha juu chini. "Hiki ni nini? Brashi ya kusugulia sakafu?"

Walicheka, na Mzee Fabiani hakucheka, akanigusa begani. Afadhali angecheka.

Kisha akatoa za Zuhura. Nyingi zilikuwa mbovu, niseme kweli, na nilipoziona moja baada ya nyingine zikiwa nyeusi au zimetikisika moyo wangu ulianza kunyanyuka. Mzee akaweka mezani ya mwisho. Bwana Hemedi, mtu wa saruji na misumari, aliisogeza karibu, akaiinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Ananiangalia huyu." Waya haukuwapo. Banda halikuwapo. Alikuwapo komba na ndizi yake, na mlango ulikuwa ndani ya macho yake, mwembamba, mwekundu wa jioni. Niliutafuta mkono wangu. Haukuonekana.

"Basi imekwisha," Mzee akasema. "Zuhura, utakwenda Dar."

Zuhura alikuwa anamenya muwa. Aliuweka chini. "Mzee, samahani. Hiyo mashine inakaa ndani?"

"Ndani, kwenye chumba chake. Ina kiyoyozi."

"Na anayeiendesha?"

"Anakaa nayo. Kutwa."

"Basi mpe kaka Deo," akasema. "Yeye anapenda vitu vilivyonyooka. Mimi niazime ile kamera yako ya kabatini, ile nzito."

"Mwali huyu!" Mama Oliva akapiga mwiko kwenye kizingiti. "Watu wanalilia Dar, yeye anataka kamera kuukuu!"

"Mama, nikakae chumbani nibonyeze vitufe? Nitaona nini humo?"

Mzee alinigeukia. Nilikiona alichokuwa anakiona: kijana aliyebaki. "Unasemaje, Deo?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa mambo mawili, kushinda na kushindwa. Kwa kushindwa nilikuwa nimeshapanga hadi maneno ya kumpongeza. Hili la tatu halikuwa na hatua zake. Kitu nilichokililia usiku na mchana kilikuwa kimesogezwa upande wangu wa meza kama bakuli la mboga ambalo mwenzako ameliacha kwa kuwa ameshiba. Hakunionea huruma; angenionea ningemchukia, ingekuwa rahisi. Hakukitaka, basi. Nilisema, "Ahsante, Mzee," na nikamsikia Zuhura akirudi kwenye muwa wake.

Nilipoondoka kwenda Dar nilipewa pia ile negativu ya komba, nikaikuze kwa ajili ya wachapaji wa kalenda. Duka nililopelekwa lilikuwa na chumba cha kioo chenye baridi, na ndani yake mashine ndefu kama friji iliyolazwa, inayoguna. Aliyenifundisha aliitwa fundi Bakari, mtu wa makamo mwenye miwani shingoni. Siku za kwanza nilifagia na kutazama. Kisha akaniambia nilete nilichokuja nacho, tujifunzie. Aliingiza negativu, akabonyeza, na picha ikatoka upande wa pili.

Alikuwa komba wa majivu. Mashine ilikuwa imeona giza, ikadhani ni kosa, ikalisahihisha. Ukuta wote ulionekana, na nyufa zake, na gunia la pumba lililokuwa pembeni bandani, na masikio ya mnyama yamepauka kama karatasi. Ilikuwa picha isiyo na kivuli hata kimoja.

"Umeona?" fundi Bakari akasema kwa kuridhika. "Ilikuwa imekufa hii, giza tupu. Sasa kila kitu kinaonekana."

"Siyo hivyo," nikasema.

"Siyo vipi?"

"Pale palikuwa giza. Hilo gunia halikuonekana."

"Mteja hanunui giza, kijana." Alivaa miwani akanitazama vizuri. "Umeipiga wewe?"

Dar nzima hapakuwa na mtu aliyemjua Zuhura. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma. "Hapana," nikasema. "Kapiga mwenzangu."

"Basi umejuaje ilivyokuwa?"

"Nilishika mlango."

Fundi Bakari alicheka, akainuka kwenye kiti. "Haya, fundi wa mlango. Kaa."

Nilikaa. Alinionyesha kitufe cha kuongeza na cha kupunguza, nikaongeza giza kidogo, nikachapa, gunia likafifia. Nikaongeza tena; ukuta ukaondoka. Alilalamika kuhusu karatasi, nikaendelea. Ikabaki ncha ya sikio, vidole juu ya ndizi, na yale macho. Karatasi ilitoka ina joto. Niliishika kwa ncha za vidole, nikaisogeza chini ya taa. Wivu ulikuwa pale pale, haukupungua hata chembe, na mikono yangu ilikuwa imetulia kuliko ilivyowahi kutulia juu ya kazi yoyote. Nikamwomba fundi Bakari karatasi nyingine, kwa sababu kwenye sikio ilikuwa bado imezidi weupe.